Mtoto wa nyoka akipendwa

Children of Blood and Bone, riwaya ya Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ilitoka mwaka 2018. Wengi huisifia miungu yake ya Kiyoruba, na inastahili. Mimi nina neno na penzi lililomo, ambalo wasomaji wengine linawakera na wengine wanalitetea.

Mama yake Zélie, msichana mhusika mkuu, aliuawa kwa mnyororo shingoni miaka 11 kabla hadithi haijaanza, mfalme Saran alipoamuru wote wenye nguvu za kiungu waangamizwe. Inan ni mwana wa mfalme huyo huyo, tena kamanda, na askari wake ndio waliochoma kijiji cha Zélie. Hawa wawili wanapendana.

Wanaokereka wana haki. Mapenzi yenyewe yanakuja mbio mno, na mzigo wote anatwishwa msichana: yeye ndiye afiwe, yeye ndiye aeleze uchungu wake ili kijana wa ikulu afunguke macho. Haya ni mapenzi au ni darasa la bure?

Lakini Inan naye si jambazi tu. Nguvu alizofundishwa kuzichukia zimemwingia mwilini. Nywele zake zimeota mstari mweupe, alama ya watu wanaowindwa, naye anauficha huku kete ya mchezo aliyopewa na baba yake haimtoki mkononi. Nguvu hizo zinamwezesha kuingia akilini mwa Zélie na kuionja hofu yake. Kwa hiyo hawezi tena kusema hakujua. Bila penzi, tusingemfikia hapo.

(Ambaye hajaisoma aruke aya hii.) Mwandishi hamsamehi kirahisi. Mambo yanapokaza, Inan anarudi kwa baba yake, na Zélie anabaki na kovu mgongoni na maiti ya mzazi.

Nawaunga mkono watetezi, ila si kwa moyo wote, kwa sababu sehemu kubwa ya penzi hilo inamea ndotoni, kwenye uwanda usio na mfalme, askari wala ndugu wa kuuliza maswali. Huko nani asingependana?

Mtazame Amari, dada yake Inan, na Tzain, kaka yake Zélie, ambao nao wanapendana. Mpaka wanaouvuka ni ule ule, lakini wao hawanikeri hata kidogo. Amari aliona baba yake akimuua Binta, kijakazi na rafiki yake, akaiba hati ya kale na kutoroka ikulu. Alikuwa ameshachagua upande kabla Tzain hajamjua jina.