Nani Alishusha Mfumuko wa Bei: Riba za Benki Kuu au Meli za Mizigo?

Juni 2022 bei za walaji nchini Marekani zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 ndani ya miezi 12, kasi ambayo haikuwa imeonekana tangu Novemba 1981. Oktoba ya mwaka huohuo nchi zinazotumia yuro zilifika asilimia 10.6 na Uingereza 11.1. Miaka miwili baadaye, Septemba 2024, Marekani ilikuwa 2.4, kanda ya yuro 1.7 na Uingereza nayo 1.7.

Katikati ya tarehe hizo benki kuu zilipandisha riba kwa kasi isiyo ya kawaida. Benki Kuu ya Marekani ilianza karibu na sifuri Machi 2022, na baada ya kupandisha mara 11 ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Benki Kuu ya Ulaya ilitoka asilimia 0.5 chini ya sifuri hadi 4. Ya Uingereza ilitoka 0.1 hadi 5.25. Ukiichora mistari hii kwenye chati moja, riba inapanda, mfumuko unashuka, na jibu linaonekana limejileta lenyewe. Wachumi hata hivyo bado wanavutana. Kuna wanaosema riba ndiyo iliyotibu, na kuna wanaosema dawa ilifika mgonjwa akiwa ameshaanza kupata nafuu.

Kabla ya kuegemea upande wowote, hesabu yenyewe ieleweke, kwa sababu sehemu kubwa ya ubishi huzaliwa humo. Mfumuko wa mwaka hupatikana kwa kuchukua fahirisi ya bei ya mwezi huu, yaani namba inayopima gharama ya kapu lilelile la bidhaa na huduma, kuigawanya kwa fahirisi ya mwezi uleule mwaka jana, kutoa moja, kisha kuzidisha kwa mia. Mei 2023 fahirisi ya Marekani ilikuwa 304.127, na Mei 2022 ilikuwa 292.296; jibu ni asilimia 4.0. Juni 2023 fahirisi ikapanda hadi 305.109. Bei ziliongezeka, lakini mfumuko wa mwaka ukaporomoka hadi 3.0. Kilichobadilika zaidi ni kigawanyo. Juni 2022 petroli ya Marekani ilifika dola 5 kwa galoni na fahirisi ikaruka kwa karibu asilimia 1.4 kwa mwezi mmoja, hadi 296.311. Mruko huo ulipotoka kwenye dirisha la miezi 12, asilimia nzima ya mfumuko iliondoka nao.

Wanasiasa wanaijua hesabu hii vizuri. Januari 2023 Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, aliwaahidi Waingereza kwamba mfumuko ungepungua kwa nusu kabla ya mwaka kwisha. Oktoba ulishuka kutoka 6.7 hadi 4.6 kwa mwezi mmoja, naye akatangaza kuwa ahadi imetimia. Sehemu kubwa ya mshuko huo ilitokana na kupanda kwa bei elekezi ya umeme na gesi Oktoba 2022, ambako sasa kulikuwa kumetimiza mwaka na kutoka kwenye hesabu.

Lipo pia jambo ambalo mlaji analihisi na mchumi hulisahau. Mfumuko kushuka si bei kushuka. Fahirisi ya Marekani ilikuwa 256.974 Desemba 2019, na Desemba 2024 ilisoma 315.605. Kapu lilelile la bidhaa limepanda kwa karibu asilimia 23 katika miaka mitano, na hakuna benki kuu kati ya hizi iliyokusudia kulirudisha lilikotoka. Lengo lao ni asilimia 2 kwa mwaka, juu ya bei zilizokwishapanda.

Sasa turudi kwenye ubishi. Hoja ya ugavi, yaani kwamba bei zilitulia kwa sababu bidhaa zilianza kupatikana tena, huanza na mpangilio wa matukio. Mwaka 2021 viwanda vya magari vilikosa chipu, magari mapya yakaadimika, wanunuzi wakakimbilia yaliyotumika: hadi Juni 2021 bei ya magari hayo Marekani ilikuwa imepanda kwa asilimia 45 kwa mwaka. Septemba 2021 kusafirisha kontena la futi 40 kwenye njia kuu za bahari kulizidi dola 10,000, wakati kabla ya UVIKO-19 gharama ilikuwa chini ya dola 2,000. Urusi ikaivamia Ukraine Februari 2022, na Agosti gesi kwenye soko la Uholanzi ikavuka yuro 300 kwa megawati-saa. Kisha kila kimoja kikaanza kulegea: chipu zikapatikana, nauli za makontena zikaporomoka, Ulaya ikajaza maghala yake ya gesi na kupata majira ya baridi yasiyo makali. Riba haina uwezo wa kutengeneza chipu wala kuleta meli ya gesi.

Ushahidi wa upande huu unaonishawishi zaidi uko ndani ya kanda ya yuro. Nchi zake zote zina benki kuu moja na riba moja, lakini Agosti 2022 Estonia ilikuwa na mfumuko wa asilimia 25.2, ilhali Ufaransa haikuwahi kuvuka 7.3 katika kipindi chote. Serikali ya Ufaransa ilizuia bei ya gesi kuanzia mwishoni mwa 2021, na ongezeko la bei ya umeme kwa kaya likawekewa ukomo wa asilimia 4 kwa 2022 na 15 kwa 2023. Hispania na Ureno ziliweka kikomo kwenye bei ya gesi inayozalisha umeme kuanzia Juni 2022. Hispania, iliyokuwa 10.7 Julai 2022, ilikuwa 1.6 Juni 2023. Wakati huohuo majirani zake, chini ya riba ileile, walikuwa bado wanahangaika na asilimia 5 au 6. Tofauti kubwa hivyo haiwezi kuelezwa na riba waliyochangia wote. Gharama ya kuzuia bei, bila shaka, iliangukia hazina za serikali, na hiyo ni hesabu nyingine.

Halafu kuna utabiri uliokwama. Juni 2022 Larry Summers, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Marekani, alisema ili kuudhibiti mfumuko nchi ingehitaji miaka mitano ya ukosefu wa ajira unaozidi asilimia 5, au mwaka mmoja wa asilimia 10. Kilichotokea ni kwamba mfumuko ulirudi asilimia 3 huku wasio na ajira wakiwa asilimia 3.6. Kama riba ingefanya kazi kwa njia iliyozoeleka vitabuni, yaani kwa kupunguza watu kazini hadi matumizi yashuke, tungewaona waliopunguzwa. Ongeza kwamba mkopo wa nyumba wa kawaida Marekani una riba isiyobadilika kwa miaka 30. Aliyekopa 2021 kwa chini ya asilimia 3 hakuguswa wakati mikopo mipya ilipokaribia asilimia 8 Oktoba 2023. Aliacha tu kuuza nyumba yake.

Hadi hapo mtu anaweza kudhani kesi imekwisha. Uturuki inakataa.

Septemba 2021 riba ya benki kuu ya Uturuki ilikuwa asilimia 19 na mfumuko 19.6. Rais Erdoğan alishikilia kuwa riba kubwa ndiyo inayozaa mfumuko, na riba ikashushwa hatua kwa hatua hadi 8.5 Februari 2023. Mafuta na ngano iliyonunua ni zile zile za dunia nzima, ila sarafu yake, lira, ilitoka chini ya 9 kwa dola hadi zaidi ya 18 katika mwaka mmoja, na Oktoba 2022 mfumuko ukafika asilimia 85.5. Baada ya uchaguzi wa Mei 2023 sera iligeuzwa. Riba ilifika 50 Machi 2024, na mfumuko, uliokuwa 75 Mei 2024, ukashuka hadi 44 kufikia Desemba. Ugavi ulikuwa umeshatengemaa duniani tangu 2023. Uturuki haikunufaika nao hadi ilipogusa riba.

Kwa hiyo kazi ya riba haionekani vizuri ukiitafuta kwenye bei ya petroli au ya magari. Itafute kwenye thamani ya sarafu, kwenye mishahara na kwenye huduma: kinyozi, bima, mgahawa, kodi ya pango. Utafiti wa wachumi Ben Bernanke na Olivier Blanchard uliotoka 2023 ulionyesha kwamba mruko wa mwanzo Marekani ulitokana hasa na nishati, chakula na uhaba wa bidhaa, lakini joto la soko la ajira, yaani waajiri kugombania wafanyakazi, ambalo mwanzoni lilikuwa sababu ndogo, liliendelea kukua na ndilo lililo gumu kuondoka. Nafasi za kazi zilizokuwa wazi zilikuwa karibu milioni 12 Machi 2022. Kufikia katikati ya 2024 zilikuwa karibu milioni 8, bila waajiriwa kufukuzwa kwa wingi. Christopher Waller wa Benki Kuu ya Marekani alisema Mei 2022 kwamba hilo linawezekana, akina Summers na Blanchard wakapinga hadharani. Waller alipatia, nao walikosea, lakini hoja yake haikuwa kwamba riba haifanyi kazi. Alidai inaweza kufuta nafasi zilizo wazi kabla ya kuwafikia waliokwishaajiriwa.

Japani inatumiwa na pande zote mbili, na kila upande una haki kidogo. Riba yake ilibaki chini ya sifuri hadi Machi 2024, na bado mfumuko ulishuka kutoka 4.3 Januari 2023 hadi 2.2 mwaka mmoja baadaye. Hapo wa ugavi wanashangilia. Lakini pengo la riba kati yake na Marekani liliisukuma yeni hadi zaidi ya 160 kwa dola mwaka 2024, na nchi inayoagiza sehemu kubwa ya nishati na chakula chake ikalipa tofauti hiyo dukani. Mchele ukaja kuwa balaa lake lenyewe: Mei 2025 bei yake ilikuwa maradufu ya mwaka uliotangulia, mfuko wa kilo 5 ukiuzwa kwa zaidi ya yeni 4,200. Waziri wa kilimo, Taku Eto, alijiuzulu baada ya kusema hajawahi kununua mchele kwa kuwa wafuasi wake humpa wa kutosha. Aliyemrithi, Shinjiro Koizumi, alifungua akiba ya serikali na kuuza kwa takriban yeni 2,000 kwa mfuko. Hapo ni ghala lililofanya kazi, wala si riba.

Mimi naona mgawanyo uko hivi: kutoka 9 hadi karibu 4, sifa kubwa ni ya ugavi, kutoka 4 kushuka, na hasa kuzuia kisa cha Uturuki kisitokee kwingine, ni ya riba. Hata hivyo mpaka huo wenyewe unapotoshwa na namna nyumba zinavyohesabiwa. Marekani huwahesabia wanaoishi kwenye nyumba zao kodi ambayo wangelipa kama wangekuwa wapangaji, na makazi kwa jumla ni zaidi ya theluthi ya kapu. Nyumba za sampuli huulizwa kodi kila baada ya miezi sita, na wapangaji wengi wana mikataba ya mwaka, hivyo fahirisi huchelewa soko kwa takriban mwaka. Makazi yalifika kilele cha asilimia 8.2 Machi 2023, wakati kodi za mikataba mipya zilikuwa zimepoa zamani. Ukiyaondoa makazi, mfumuko wa Marekani Juni 2023 ulikuwa chini ya asilimia 1. Fahirisi ya kanda ya yuro haina kabisa gharama hiyo ya mwenye nyumba. Anayelinganisha 3.0 ya Marekani na 5.5 ya yuro ya mwezi ule analinganisha makapu mawili tofauti.

Bili ya riba hizo haikuishia kwa waliozipandisha. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipa Juni 2024, shilingi ilikuwa imeshuka kutoka takriban 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 hadi 160 Januari 2024, na Februari ikakopa upya dola bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10. Mwezi huohuo Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake hadi 13, ingawa mfumuko wa Januari ulikuwa 6.9 tu. Kilichokuwa kikilindwa pale ni shilingi.

Mwaka 2025 ushuru wa forodha wa Marekani uliuleta ubishi huu kwa sura mpya. Mfumuko ulipanda kutoka 2.3 Aprili hadi 3.0 Septemba, kahawa pekee ikiwa juu kwa karibu asilimia 19, na Benki Kuu ikashusha riba mara tatu hadi kati ya 3.50 na 3.75 kwa hoja kwamba ushuru hupandisha bei mara moja kisha hutoka kwenye hesabu. Hiyo ndiyo hoja ya 2021, kwamba mfumuko ni wa kupita tu, safari hii ikiwa na sababu bora zaidi kwa kuwa soko la ajira lilikuwa limepoa. Tatizo lilikuwa kuipima. Serikali ilifungwa kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, bei za Oktoba hazikukusanywa, na kodi za pango za mwezi huo zikachukuliwa kana kwamba hazikubadilika. Kwa kuwa nyumba za sampuli huulizwa kila miezi sita, kundi lililokosa zamu yake Oktoba lilibidi lisubiri hadi Aprili 2026. Asilimia 2.7 iliyotangazwa kwa Novemba, na za miezi iliyofuata hadi wakati huo, zisomwe zikiwa zimepunjwa kidogo.