Sikumbusu Kuku

Kabla habari hazijafika kijijini kwa mama: sikumbusu kuku. Narudia, SIKUMBUSU. Mshkaji wangu aliyewarushia ile picha aliipiga akiwa juu ya ukuta anatafuna muwa, akaona nusu ya habari. Nyie mliouliza mahari ni madebe mangapi ya pumba, nimewaona, na majina ninayo.

Iko hivi. Tetea wangu mwekundu alizubaa siku mbili. Hali, hatagi, kajikunyata kama mlinzi wa zamu ya usiku. Juzi alfajiri nikampapasa kile kifuko cha chakula, pale shingo inapokutana na kifua. Kuku mzima akiamka, kifuko kinakuwa kitupu, maana usiku kucha chakula kimeshashuka kwenye firigisi. Cha kwake kilijaa, kinabonyea kama puto la maji.

Sasa, kingekuwa kigumu kama mpira, ningejua kameza majani marefu au nyuzi za kiroba zimesokotana humo. Hapo unamdondoshea mafuta kidogo, unakikanda taratibu. Kikiwa laini na mdomo unanuka togwa iliyopitiliza, chakula kimechacha na fangasi wameshahamia. Kwa hiyo ilibidi ninuse. Mnanielewa? NINUSE.

Na kanzu nilikuwa nimeshavaa. Nyeupe. Siku hiyo ndiyo nilikuwa mshenga wa mpwa wangu, tunapeleka posa saa tatu. Msiniulize kwa nini sikuanza na kuku.

Nikampakata, mkono wa kushoto chini ya kifua, vidole vya kulia nikampanua mdomo. Akanitazama kwa jicho moja. Nikasogeza pua. Sikusikia kitu, nina mafua. Nikasogea tena mpaka sharubu zikamgusa. Hapo ndipo mshkaji alipobonyeza simu yake.

Mambo yangeishia hapo tungesameheana. Lakini mimi, daktari wa usiku mmoja, nikakumbuka kuna mtu aliniambia ukimwinamisha kuku kichwa chini, uchafu wote unatoka. Nikamwinamisha, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikamwinua uso kwa uso nichungulie ndani, na kile kifuko kikajikunja chenyewe kiganjani mwangu. Shingo ikatutumka. Nikaona kitu kinapanda chini ya manyoya, kinapanda, kinapanda, nami nimeganda, mdomo wazi, nataka kumwambia "subiri".

Hakusubiri.

Maji ya pumba, ya moto, machachu, kuanzia nyusi mpaka kifungo cha tatu. Na punje za mahindi nzima nzima. Moja niliitema.

Mke wangu akatoka jikoni. "Baba, umetapika?"

"Si mimi. Ni huyu."

Akatutazama wote wawili, akarudi ndani.

Bwana mifugo alikuja, akacheka kwanza, kisha akanifokea: ukimwinamisha vile, yale maji yanaweza kuingia mapafuni, kuku akakufia mikononi. Akaacha dawa ya fangasi, akasema chakula asipewe siku hiyo, maji tu. Posa nilipeleka na suruali ya kazini, wazee wakafungua madirisha, wakakubali.

Leo asubuhi nimempapasa tena: kifuko kitupu kabisa. Nimempapasa kwa mkono mmoja, uso nimegeuzia ukutani. Na juu ya ukuta alikuwepo yule bwana na muwa mwingine.