Kilo tatu kwa siku nne: kilichopungua ni nini?

Aliyenihakikishia kwamba chai za kupunguza mwili zinafanya kazi ni dada mmoja muuza mitumba pale sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, na ushahidi wake ulikuwa mizani. Jirani yake anauza viazi kwa jumla, ana ile mizani ya kusimamishia gunia. Jumatatu asubuhi, wateja hawajajaa, dada akapanda. Kilo 91. Wabeba mizigo wakacheka, mmoja akauliza kwani lumbesa si zilishapigwa marufuku. Ijumaa akapanda tena: kilo 88. Hakucheka mtu. Mwenye viazi mwenyewe akaomba namba ya muuzaji.

Chai ilikuwa imekuja kwa basi kutoka Dar, pakiti mbili kwa elfu themanini. Tangazo ni lile lile tunalolijua wote: tumbo kabla, tumbo baada, mimea asilia tupu, haina madhara, mikoani tunatuma.

Tupige hesabu kwanza, kubishana baadaye. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kama kalori 7,700, kwa hiyo kilo tatu ni zaidi ya 23,000. Mwanamke wa umbo lake anayesimama kutwa nzima tumkadirie kalori 2,200 kwa siku. Hata angefunga siku zote nne bila kutia kitu mdomoni, mafuta yangepungua kilo moja na kidogo. Na wala hakufunga. Jumatano nilimkuta na sahani ya wali wa Kyela na maharage, anakula kwa raha zake. Sasa hizo kilo nyingine zilikwenda wapi?

Jibu lilikuwa nyuma ya pakiti, kwa maandishi ya kusomea tochi: senna. Watu wa pwani wanaiita sanamaki na wanaijua miaka mingi, ila wao hawakuwahi kuiita dawa ya unene. Ni dawa ya kumfanya mtu aharishe. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshapita utumbo mwembamba na sehemu kubwa ya nguvu yake imeshaingia mwilini. Kinachotoka ni maji na choo. Mizani ya viazi haikudanganya, maana yenyewe inapima uzito tu, haijui maji wala mafuta. Alipoacha chai, wiki haikuisha kabla ya 91 kurudi. Na akiendelea nayo kwa miezi, utumbo unaweza kuzoea kusukumwa, huku mwili ukipoteza madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa.

Hapo wengi huishia kumcheka mnunuzi. Mimi siwezi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliwakuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na ukienda kliniki na kilo zako unaweza kuambiwa sentensi moja, punguza kula ufanye mazoezi, kisha anaitwa mgonjwa anayefuata. Muuzaji wa chai anakupigia simu kila jioni kukuuliza unaendeleaje. Kwa upande huo amewapita wataalamu, tukubali.

Tena si kweli kwamba hakuna kitu kinachopunguza. Unga wa nyuzinyuzi za konjac, gramu tatu kwa siku zikigawanywa kabla ya milo na kunywewa na maji ya kutosha, ulikubaliwa na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya kuwa unasaidia, kwa anayepunguza chakula pia. Usaidizi wenyewe ni mdogo, na ukimeza bila maji unaweza kukukaba kooni. Ipo orlistat, ambayo ni dawa hasa: inazuia karibu theluthi ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Faida yake ni kilo chache kwa mwaka, na ukiichanganya na chipsi mayai utajua mwenyewe chooni. Halafu kuna sindano ya semaglutide. Katika jaribio lililochapishwa 2021, walioitumia kwa wiki 68 walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito wao. Hiyo inaandikwa na daktari, ina bei yake, na kichefuchefu chake si cha utani.

Ziangalie hizo namba vizuri. Sindano yenye nguvu kuliko vyote nilivyotaja ilihitaji zaidi ya mwaka mzima. Halafu unauziwa kopo linaloahidi kilo kumi kwa mwezi, na wakati mwingine mtu anapungua kweli! Mimi kopo lisilofanya kitu siliogopi sana, linakula hela basi. Naliogopa linalofanya.

Sababu inaitwa sibutramine. Iliwahi kuwa dawa halali ya kukata hamu ya kula, Marekani iliiruhusu 1997. Mwaka 2010 ikaondolewa sokoni huko na Ulaya, baada ya jaribio la watu karibu 10,000, wengi wao wagonjwa wa moyo, kuonyesha kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Ikatoka kwa mlango wa mbele, ikarudi kwa dirishani: mamlaka ya dawa ya Marekani imeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya vidonge na kahawa za "mimea asilia", bila kutajwa popote kwenye pakiti. Kinywa kinakauka, usingizi unakata, moyo unakwenda mbio, njaa huisikii. Mteja anafurahi kwamba dawa imekubali. Kama ana presha asiyoijua, hapo ndipo pa hatari.

Neno "asilia" nalo lina yake. Chai ya kijani inatoka kwenye mmea ule ule unaochumwa Rungwe na Mufindi, na kikombe chake hakina neno. Lakini juisi yake ikikolezwa kuwa vidonge, hali inabadilika: Ulaya ilionya 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake kiitwacho EGCG zinaweza kuumiza ini.

Nani azuie? Dawa zina TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, yenye ofisi ya kanda hapa Mbeya. Chakula kilihamishiwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Tiba asili ina baraza lake. Muuzaji mjanja anapita katikati: ukimuuliza usajili anasema hii si dawa, ni lishe, ukimuuliza inasaidia nini, inatibu presha, kisukari na uvimbe wa kizazi. Mtu wa hivyo mwombe namba ya usajili kabla ya kutuma hela, uone kama simu ya jioni itaendelea kuja.

Na kuna jambo la huku kwetu ambalo matangazo ya Dar hayalijui. Nyanda hizi za Juu Kusini ukikonda ghafla hupongezwi. Njombe ndiyo iliyoongoza nchi kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa 2022/23, asilimia 12.7, Iringa ikifuata, na bado watu wanapima afya kwa macho. Wiki ile ya kilo 88, mteja wa siku nyingi alimvuta dada pembeni akamuuliza taratibu kama ameshakwenda kupima. Alinisimulia huku anacheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Pakiti ya pili hajaifungua. Iko chini ya meza ya mitumba, kwenye mfuko wa magauni ya watoto. Nilimuuliza kwa nini haitupi.

"Elfu arobaini hiyo, kaka," akasema. "Wifi yangu wa Uyole ameshaiulizia."