Ukoo wa Zildjian Ulianza Mara Mbili

Kampuni ya matoazi ya Zildjian hujitambulisha kwa mwaka 1623, na karibu kila anayeiandikia huanzia hapo. Mimi naona mwaka huo unasifiwa kupita kiasi.

Si kwamba kisa chenyewe hakina utamu. Avedis alikuwa mhunzi Muarmenia wa Constantinople, ambayo leo ni Istanbul, aliyehangaika kugeuza metali za kawaida kuwa dhahabu. Dhahabu hakuipata. Alichopata, mnamo 1618 kwa masimulizi ya ukoo, ni mchanganyiko wa shaba na bati ambao ukifanywa bamba jembamba na kugongwa hulia kwa ukali na kuvuma muda mrefu. Sultani aliitaka sauti hiyo. Bendi za askari wake wa Janissary zilikwenda vitani na ngoma, zumari na matoazi ili adui aingiwe na hofu kabla ya kuuona upanga. Fundi akapewa jina la Zildjian. Kwa Kituruki zil ni toazi, kiambishi cha katikati humtaja fundi wa kitu hicho, na mwisho wa Kiarmenia ni “mwana wa”: wana wa fundi matoazi. Mwaka 1623 akafungua karakana yake mwenyewe.

Wengi hudhani siri ni kile kipimo cha shaba na bati. Kipimo kinajulikana: takriban sehemu nne za shaba kwa moja ya bati, karibu sawa na shaba ya kengele. Ugumu ni kwamba bati likiwa jingi kiasi hicho metali haikunjiki. Ukiifua baridi inapasuka kama kigae. Sharti ipashwe moto hadi iive, ipitishwe kwenye rola, irudi tanurini, tena na tena. Ukoo unaficha namna ya kuyeyusha na kuchanganya, na chumba cha kazi hiyo hakiingii mgeni hadi leo.

Sasa njoo kwenye mwanzo wa pili, ambao ndio unaonigusa. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Avedis wa Tatu, mzao wa fundi yule, hakusana wala hakuvukuta. Alihamia Marekani mwaka 1909 akawa mtengenezaji wa peremende, na biashara yake ikasimama imara. Mwaka 1927 barua ikaja kutoka kwa ami yake Aram: zamu ya kurithi matoazi imekufikia. Akasita, na mimi simlaumu hata kidogo. Nani aache kazi inayomlisha aende kufufua karakana iliyo ng’ambo ya bahari? Hatimaye alikubali, lakini kwa njia yake: badala ya yeye kurudi, ufundi ndio uliohama. Mwaka 1929 kiwanda kikaanza Quincy, Massachusetts, mwaka ule ule soko la hisa la Marekani lilipoporomoka.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kurithi siri: alikwenda kuwasikiliza wapiga ngoma wa jazi. Gene Krupa na wenzake walitaka matoazi membamba, yanayojibu upesi. Yale ya Janissary yalipigwa mawili mawili kwa mikono. Haya yalitundikwa moja moja juu ya vyuma, yakapigwa kwa kijiti usiku kucha. Bila usikivu ule, naamini 1623 leo ingekuwa maandishi kwenye kibao cha makumbusho.

Siri nayo ilikuwa na gharama yake. Mzee alipofariki mwaka 1979, wanawe Armand na Robert waligombana. Robert akaondoka, na mwaka 1981 akaanzisha Sabian huko New Brunswick, Kanada, jina alilolijenga kwa herufi mbili za mwanzo za majina ya wanawe watatu, Sally, Bill na Andy. Siri ikawa na nyumba mbili, na matoazi ya nyumba zote mbili yanavuma vizuri.

Tena kwa vizazi vingi ilipita kwa wanaume tu. Armand ndiye aliyewafungulia mlango mabinti zake, Craigie na Debbie, na mwaka 1999 Craigie akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza kampuni. Kwa hesabu ya 1623, zilipita miaka 376.