Kibodi Ilivyonikonyeza Keko

Keko kuna mzee mmoja seremala ana mashine ya kuchonga mbao inayoendeshwa na kompyuta kuukuu. Maua ya vitanda vyake yalikuwa yanatoka yamelegea upande mmoja, kama yamepigwa jua. Nikamwambia tatizo ni keneli, ule moyo wa mfumo wa kompyuta unaoamrisha vifaa: kila milisekunde 1 mota zinasubiri amri, kompyuta ikijisahau kidogo tu, kisu kinapotea njia. Dawa ni mfumo wa Linux wa muda halisi, yaani keneli isiyochelewesha amri, ile iliyokaa nje ya Linux rasmi takribani miaka 20 mpaka ikakamilishwa kuingizwa rasmi kwenye keneli ya 6.12, mwaka 2024.

"Basi iweke," akasema.

Nikaikompaili, yaani nikaijenga kutoka kwenye msimbo wake, usiku kwangu Sinza, kwenye laptopu. Umeme wa mtaani kwetu haunipi imani, nikapita njia ya mkato ya kuijenga haraka: make localmodconfig. Amri hiyo inatazama draiva, zile programu za kuendesha vifaa, zilizo kazini kwenye mashine uliyokalia, nyingi zisizotumika inazitupa. Initramfs, lile begi dogo la kusaidia keneli iamke, nikaliacha. La nini?

Asubuhi Keko, nikaiweka, nikawasha upya. Maandishi meupe yakashuka kama daladala ya Mbagala iliyokatika breki, yakaganda: Kernel panic. Kibodi ilikuwa ya zamani, ya plagi ya duara. Taa ya Caps Lock ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima.

"Inakukonyeza," akasema mzee.

"Hapana baba, keneli imepata hofu."

"Imeona nini?"

Lilikuwa swali la maana kuliko yote ya siku ile, na mimi nikalipuuza. Nikaanza kuwahutubia vijana wa karakana: kwenye muda halisi, kufuli nyingi za ndani ya keneli, zinazozuia kazi mbili zisigongane, ambazo zamani zilikuwa zinakesha zikizunguka, sasa zinaruhusiwa kulala, draiva ikilala mahali pasipofaa, balaa. Saa mbili nzima nawinda kufuli iliyolala.

Mzee akazima randa. "Injinia, kwani imelala au imeogopa?"

Nikapiga picha skrini kwa simu, nikaivuta iwe kubwa. Mstari wa mwisho: unknown-block(0,0). Sifuri, sifuri. Haikuona kitu, hata diski! Laptopu yangu ina diski ya NVMe, aina mpya, ya mzee ni SATA ya zamani, na draiva ya hiyo SATA niliitupa mwenyewe Sinza kwa mkono wangu. Muda halisi hauhusiki hata kidogo.

Nikiwa bado nimeinamia simu natafuta maneno ya kuombea ruhusa nikakompaili tena, nikasikia mashine inanguruma. Dogo mmoja alikuwa ameiwasha upya, akashuka na mishale kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua keneli wakati wa kuwasha.

"Kaka, si ile ya zamani ilikuwepo hapa chini?"

Ua la kwanza likatoka limelegea vilevile. Mzee akalipuliza vumbi, akalitazama, akanigeukia.

"Injinia, hebu nishikie huu ubao."

Nikaushika mpaka alasiri.