Waranti ya gari jipya hulindwa na kumbukumbu kuliko jina la gereji

Wakenya wengi wenye magari hawajawahi kuwa na waranti, yaani ahadi ya kutengenezewa gari bure likiharibika lenyewe ndani ya muda fulani. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani kwanza, huingia nchini yakiwa na umri usiozidi miaka 8 kama kanuni inavyotaka, na likishatoka bandarini Mombasa, lolote litakalolipata ni lako wewe na fundi wako. Anayenunua gari jipya kabisa, liwe limeunganishwa Thika au Mombasa au limeletwa na wakala moja kwa moja kutoka kiwandani, anaingia katika mkataba asiouzoea. Anakabidhiwa kijitabu chenye ahadi, mara nyingi ya miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia kufika, na baada ya ahadi yanafuata masharti. Lenye ubishi kuliko yote ni lile la kwamba sevisi zote zifanywe kwa muuzaji au kwenye gereji aliyoiidhinisha, la sivyo hakuna waranti.

Wapo wanaoliita sharti hilo wizi wa mchana. Wapo wanaosema ukiwa na uwezo wa kununua gari la mamilioni usilalamikie sevisi. Nadhani wa kwanza wana hoja nzito zaidi kuhusu haki, lakini mwenye gari Nairobi leo akiwafuata bila tahadhari ataumia.

Malalamiko ya bei ni ya kweli. Sevisi ya kawaida, yaani oili, filta na ukaguzi, kwa muuzaji wa Industrial Area au Mombasa Road hapa Nairobi inaweza kufika mara mbili ya bei ya gereji nzuri ya Ngara, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Lakini kinachoudhi zaidi ni nyongeza. Unapeleka gari kwa sevisi ya kilomita 20,000, unapigiwa simu saa nne kuambiwa kwamba injekta zinahitaji kusafishwa, injini ioshwe kwa dawa, na mfumo wa AC unyunyiziwe. Fungua kijitabu chako. Kama kazi hiyo haimo katika ratiba ya mtengenezaji, si sharti la waranti, na unaweza kuikataa kwa adabu bila kupoteza chochote. Wengi hawajui hilo, na sauti ya anayepiga simu huwa na uhakika mkubwa kiasi kwamba mtu analipa tu.

Halafu kuna hoja ya msingi. Fundi wa nje akikubadilishia pedi za breki, na mwezi ujao kompresa ya AC ikafa, pedi na kompresa zinahusiana vipi? Hazihusiani. Kwa mantiki hiyo Marekani ilipitisha sheria ya waranti mwaka 1975 inayomkataza mtengenezaji kufunga waranti kwa sharti la kununua spea au huduma kwa jina fulani, isipokuwa akiitoa bure au akipewa ruhusa maalumu. Umoja wa Ulaya una kanuni zenye mwelekeo huo. Karibu nasi zaidi, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 1, 2021, unaomruhusu mwenye gari kulipeleka kwa gereji huru ndani ya muda wa waranti. Muuzaji anabaki na haki ya kukataa kulipia hasara iliyosababishwa na kazi ya gereji hiyo. Huo ndio mpaka wa haki ninaouona: anayeharibu alipe alichoharibu, wala si zaidi.

Sasa upande wa muuzaji, ambao husemwa vibaya bila kusikilizwa. Yeye ndiye atakayebadilisha injini nzima kwa gharama yake ikifa ndani ya miaka 3. Na injini za siku hizi hazisamehe. Nyingi zinataka oili nyepesi ya 0W-20 au 5W-30, kwa sababu njia za oili ndani yake ni nyembamba na turbo inazunguka kwa kasi kubwa mno huku ikitegemea oili hiyo hiyo kupoa. Fundi aliyezoea magari ya miaka ya tisini atakwambia, "Bosi, oili ni oili," akumiminie 20W-50, iliyo nzito zaidi, ya kupimwa kutoka kwenye pipa. Gari litawaka na litakwenda. Asubuhi ya baridi ya Julai, oili hiyo nzito itachelewa kufika juu ya injini, na utakuwa unasaga vyuma kidogo kidogo bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi.

Filta nazo. Zipo zinazouzwa Kirinyaga Road ndani ya boksi linalofanana kabisa na la asili, ilhali karatasi ya ndani ni chache na vali ya mpira inayozuia oili isirudi chini ni ngumu au haipo. Tuna Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tangu 2008 na mamlaka inayoisimamia, lakini mnunuzi aliyesimama kaunta hawezi kupasua filta ili aichungulie. Ukifungua kifuniko cha juu cha injini iliyolishwa hivyo kwa mwaka mmoja na nusu, utakuta utandu mweusi umeganda kama lami kwenye kona zote. Muuzaji akiletewa injini ya namna hiyo na kuambiwa alipe, ana sababu ya kuuliza gari lilikuwa likihudumiwa wapi.

Kwa hiyo pande zote mbili zina ukweli, na ndiyo maana ugomvi wenyewe mara nyingi hauamuliwi na nani aliyeshika spana. Huamuliwa na kilichoandikwa.

Mwenzangu mmoja wa South B alianza kusikia giaboksi ikivuma. Gari lilikuwa bado ndani ya waranti kwa muda na kwa kilomita. Alipofika kwa muuzaji, mtu wa mapokezi hakuliendesha wala hakulipandisha kwenye jeki. Alifungua kijitabu cha sevisi, akakuta kijisanduku cha kilomita 30,000 hakina muhuri, na mazungumzo yakaishia hapo. Sevisi hiyo ilifanyika, kwa fundi wa mtaani anayeaminika. Ushahidi pekee uliobaki ulikuwa ujumbe wa M-Pesa: jina la fundi, kiasi, tarehe na saa. Oili gani, filta gani, gari namba gani, kilomita ngapi, havimo.

Kiufundi, kukataliwa kule hakukuwa na maana. Sevisi aliyoifanya nje ilikuwa ya oili ya injini. Giaboksi ile ina oili yake, haikuguswa. Kimkataba, mtu wa mapokezi alisimamia maandishi. Na mwenye gari hakuwa na karatasi ya kumlazimisha ajadili ufundi badala ya muhuri. Angekuwa na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, yenye namba ya gari, usomaji wa kilomita, jina na daraja la oili, na namba ya filta, ubishi ungehama. Kampuni ingebidi ieleze jinsi oili ya injini ilivyoharibu giaboksi, na maelezo hayo hayapo.

Hapa ndipo ninapowalaumu mafundi huru, kwa upendo, maana baadhi yao wana mikono bora kuliko ya huko kwa wakala. Wanadai kunyimwa soko, lakini wengi hawaandiki chochote. Gereji inayotaka magari mapya haina budi kutoa ankara kamili, kupiga picha chupa za oili kabla ya kufunguliwa, kukaza boliti ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa spana ya kupimia mkazo, na kuhifadhi kumbukumbu ya kila gari. Bila hayo, hata sheria nzuri kama ya Afrika Kusini haitamsaidia mteja wake.

Kuna mtego mwingine wa hapa kwetu ambao vijitabu havikuuandika kwa kutufikiria: traka, kifaa cha kufuatilia gari liko wapi. Ukinunua gari kwa mkopo, benki huandikisha logibuku kwa majina yenu wote wawili na mara nyingi hudai gari lifungwe traka. Bima nayo inaweza kudai. Anakuja kijana na begi la vifaa, anafungua sehemu ya chini ya usukani, anachubua waya wa stata na kuingiza rilei ya kuzimia injini, anaufunga kwa utepe mweusi, anaondoka baada ya saa moja. Miezi michache baadaye taa za sensa zinaanza kuwaka ovyo, na muuzaji anasema mfumo wa umeme umekatwa, hivyo hautalipiwa tena. Mwenye gari hakuchagua kukata waya. Alilazimishwa na mkopo. Naona benki ndiyo inayopaswa kubebeshwa mzigo huo, au angalau ikubali traka iliyofungwa kwa muuzaji mwenyewe na kuandikwa kwenye kijitabu. Omba hilo kwa barua pepe kabla ya kusaini mkopo, si baada. Spesa, vile vipande vinavyowekwa kwenye springi kuinua gari lisigonge matuta, ni suala jepesi zaidi: umezifunga kwa hiari, basi shokabu na bushi zikifa mapema usimtafute mtu.

Kitu kimoja pande zote mbili hukinyamazia. Ratiba ya kilomita 10,000 au 15,000 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya matumizi ya kawaida. Kurasa chache mbele kuna ratiba ya matumizi magumu: vumbi, safari fupi, kusimama kwa muda mrefu huku injini ikiwaka. Hiyo ni Nairobi. Injini inayonguruma saa nzima kutoka Cabanas hadi Nyayo imefanya kazi kubwa kuliko kilomita zinazosomeka. Na kuna kipimo cha muda pia, miezi 6 au 12, ambacho anayefanyia kazi nyumbani husahau kwa kuwa gari lake halijafikisha kilomita. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa muuzaji kabisa na bado akakosa waranti kwa kuchelewa.

Kisheria hatuko uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia kwa hasara. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata kama hakuutaja, na kijitabu hakiwezi kuifuta ahadi hiyo. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 ipo Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Lakini huko nako utaulizwa: karatasi ziko wapi?

Ningependa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya itoe mwongozo wa wazi kama ule wa Afrika Kusini, na ningeusifu siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo, ningekuwa na gari jipya, ningepeleka sevisi za ratiba kwa muuzaji kwa muda wote wa waranti, ningekataa nyongeza zisizo kwenye ratiba, na ningempa fundi wa mtaani kazi ambazo waranti haizigusi hata kidogo: matairi, vipanguzi vya kioo, pedi zikiisha. Na miezi miwili kabla ya muda kuisha ningelipeleka likaguliwe lote, kisha kila kelele na kila tone la oili nililoliona chini ya gari ningeliandika kwa barua pepe yenye tarehe. Tatizo lililoripotiwa waranti ikiwa hai ni gumu kulikana hata likitengenezwa baadaye. Lililosemwa kwa mdomo kaunta ni lako.