Busha: achomwe mgongoni au pale pale?

Mwanaume wa Tanga haogopi kisu cha busha, anaogopa sindano ya ganzi. Kaa kibarazani Ngamiani kahawa ikizunguka, utasikia: huyu anasema akichomwa mgongo hatabeba gunia tena, yule anaapa hachomwi "huko" akiwa macho. Pwani yetu ina mabusha mengi kwa sababu ya minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, wakiwamo wale wa kwenye makaro, kwa hiyo si suala la kuchekea.

Ganzi ya mgongo huzima kila kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Busha la miaka 20 linahitaji hivyo, daktari asihangaike. Lakini lazima mtaalamu wa usingizi awepo, presha huweza kushuka, na wapo wanaoumwa kichwa siku kadhaa.

Ganzi ya pale pale ni lignokaini, dawa ya kufisha ganzi, inayochomwa kwenye ngozi itakayopasuliwa na juu kinenani, zinakopita neva za korodani. Mgonjwa hushuka kitandani kwa miguu yake. (Baiskeli aisahau kwanza, ingawa ndilo swali la kwanza la Mtanga.) Tatizo ni kipimo. Ukihesabu miligramu 3 kwa kilo, mtu wa kilo 60 mwisho wake ni 180, yaani mililita 9 tu za dawa ya asilimia 2. Busha kubwa huzimaliza mapema, na ukizidisha, midomo hufa ganzi, masikio huvuma, hata degedege huja. Tena korodani ikivutwa, mtu husikia uzito tumboni ingawa ngozi imekufa kabisa. Hilo aambiwe kabla.

Kwa busha dogo, mimi naegemea ganzi ya pale pale. Kinachoiharibia jina ni haraka. Nilimsindikiza mjomba wangu: muuguzi alikifumbata kichupa kiganjani mpaka kikapata joto, sindano ikawa nyembamba, dawa ikasukumwa taratibu. Mjomba akakunja uso, "Yalaa!", basi. Kisha wakangoja, dakika 5 zikapita na zaidi. Daktari akabana ngozi kwa koleo.

"Mzee, unasikia nini?"

"Nasikia unanishika tu."

Ndipo akachukua kisu. Jirani yetu, kwingineko, alipasuliwa dawa haijakolea, na kibarazani ndiye anayesikilizwa.